Mashine ya kufulia haijazi maji? Anza na simtanki

Mashine inaunguruma, maji hayaingii, na nepi za mtoto zinasubiri. Kabla hujamwita fundi, kagua haya.

Kwa familia za Kanazi na kwingineko Bukoba na Muleba zinazotumia simtanki, huenda tatizo ni presha ndogo. Kila mita 1 ya kimo huleta presha ya takriban baa 0.1 tu, na mashine nyingi huhitaji baa 0.3 hadi 0.5. Maana yake, simtanki ikae mita 3 hadi 5 juu ya mashine. Soma kitabu cha mashine yako.

Pili, chomoa plagi, funga koki, kisha fungua mpira unaoingiza maji. Pale unapofungwa kwenye mashine kuna kichujio kidogo. Kichomoe taratibu, kisugue kwa mswaki wa zamani kutoa mchanga na kutu, ukirudishe. Hakikisha mpira haujajikunja.

Bado haijazi? Huenda valvu imekufa. Hapo mwite fundi.

Wakati ukisubiri, suuza nguo kwa mkono mpaka povu liishe. Sabuni inayobaki kwenye nepi huweza kumwasha mtoto na kumletea vipele.