Kabla Hujachomeka, Soma Chaja

Msafiri wa Dar es Salaam anayekwenda Nairobi, Kampala, Muscat, Dubai au London hana haja ya kununua adapta. Kote huko atakuta soketi ileile ya matundu matatu ya mstatili, ya mtindo wa Kiingereza, na umeme wa volti 230 au karibu na hapo. Taabu huanza akipanda basi la Kigali, ambako atakutana na soketi za matundu mawili ya duara, au ndege ya Johannesburg, ambako plagi ya kawaida ina pini tatu nene za duara. Guangzhou, wanakofuata mzigo wafanyabiashara wa Kariakoo, pini ni bapa, na Marekani pia ni bapa.

Basi watu wananunua adapta, wakiifikisha nyumbani wanaona safari imekamilika. Lakini adapta inabadili umbo la pini tu. Umeme unaotoka upande wa pili ni uleule uliokuwa ukutani: volti 100 ukiwa Tokyo, 120 ukiwa New York, 220 ukiwa Guangzhou. Kama kifaa chako kitaumudu au hakitaumudu, jibu liko kwenye kifaa chenyewe.

Geuza chaja ya kompyuta mpakato yako uisome kwa chini. Kati ya alama na namba zilizobanana, tafuta mstari ulioandikwa INPUT. Ukiona 100–240V, 50/60Hz, chaja hiyo inakubali umeme wa karibu kila nchi, nawe unahitaji adapta ya bei rahisi tu. Chaja nyingi za simu, kamera na tableti za siku hizi ziko hivyo.

Pasi, birika la umeme na mashine ya kukaushia nywele ni habari nyingine. Nyingi zinazouzwa kwetu zimeandikwa 220–240V. Ukiichomeka pasi hiyo Marekani inapata takriban nusu ya volti, na volti zikipungua nusu, joto linashuka hadi kama robo. Shati halitanyooka. Transfoma ya kuibeba pasi ya wati 2,000 ni nzito kama tofali, kwa hiyo ni nafuu kuiacha pasi nyumbani na kuomba ya hoteli.

Adapta zenyewe nazo zina kasoro zake. Nyingi zinazoitwa za dunia nzima hazina zile pini nene za Afrika Kusini. Anayekwenda huko anunue ya huko. Nyingine hazipitishi waya wa ethi. Ndiyo maana kompyuta yenye mwili wa bati ikichajiwa kwa pini mbili, ukipitisha kidole taratibu juu ya mfuniko unahisi kama kitu kinakutekenya. Ni umeme kidogo unaovuja kutoka kwenye chaja, ambao ethi ingeupeleka ardhini.

Na ule mtindo wetu wa kijiti? Ndani ya soketi ya Kiingereza kuna vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini hadi pini ndefu ya juu iingie. Mwenye plagi ya pini mbili huchomeka kijiti au mfuniko wa kalamu tundu la juu, vifuniko vikafunguka, akasukuma plagi yake. Umeme unawaka, lakini pini za duara hazishikwi sawasawa. Zinalegea, zinatoa cheche, na baada ya muda uso wa soketi unakuwa mweusi. Tena plagi hiyo haina fyuzi ndani yake kama ilivyo ya Kiingereza.

Kuhusu pawabenki, sheria za ndege hazina mzaha: inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Iliyoandikwa mAh 20,000 ina wati-saa 74: zidisha kwa volti 3.7 za betri, kisha gawanya kwa 1,000. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya hapo inabaki uwanjani. Emirates, inayopakia abiria wengi wa kwetu, tangu Oktoba 1, 2025 inaruhusu moja tu kwa abiria, na ni marufuku kuitumia ndani ya ndege.

Ukitaka kupunguza mzigo, angalia kama kompyuta yako inachajiwa kwa USB-C. Chaja moja ya wati 65 yenye matundu mawili au matatu inaweza kubeba kompyuta na simu pamoja. Ile ndogo iliyokuja na simu haitoshi. Kompyuta itaonyesha inachaji huku betri ikishuka.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, huja safari ikigeuka. Ndugu aliyeko Marekani ananunua blenda au pasi nzuri, anaipakia kama zawadi. Imeandikwa 120V. Ikichomekwa Tabata au Kisauni kwenye volti 230, pasi hiyo inavuta karibu mara nne ya nguvu iliyotengenezewa, na inaungua kabla hujamaliza kola. Anapokupigia simu kutoka dukani kuuliza rangi unayoipenda, mwombe kwanza aigeuze akusomee namba za chini.