Kutambua Tashihisi Hakutoshi

Shabiki akipaza sauti katika uwanja wa Kinoru kwamba beki amelala, hakuna anayetazama nyasini kumtafuta aliyesinzia. Hiyo ni istiari kamili, lakini hatusemi ametunga fasihi. Sokoni Gakoromone nako bei ya ndizi hupanda na kushuka kila wiki, wala hakuna anayemwita mchuuzi mshairi.

Nasema haya kwa sababu wanafunzi wengi hudhani lugha ya fasihi ni ile yenye tamathali, na ya kawaida ni ile isiyo nazo. Mpaka huo haupo. Katika makala yake ya mwaka 1960, mwanaisimu Roman Jakobson alichambua kaulimbiu ya kampeni ya Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani, akaonyesha kwamba ufundi wa kishairi umo hata katika siasa. Kwake, la kuuliza ni kazi ipi imetangulia: maneno yanapitisha ujumbe tu, au yanatutaka tuyaangalie yenyewe?

Chukua taarifa hii: mvua imenyesha Kinoru tangu asubuhi hadi jioni. Ukisema Kinoru kumenyesha kutwa, hakijapotea kitu. Sasa sikiliza: mvua ilibisha hodi Kinoru alfajiri, ikaketi, na hadi magharibi haijaaga. Hiyo ni tashihisi, mvua kupewa matendo ya mtu: imekuwa mgeni bila neno mgeni kutajwa, na uchovu wa mwenyeji tunauhisi wenyewe. Vitenzi vinafuata utaratibu wa ziara: kubisha, kuketi, kuaga. Cha mwisho kimekanushwa, na uzito wote umeangukia hapo. Weka “ikanyesha” mahali pa “ikaketi” uone sentensi inavyoporomoka.

Mrusi Viktor Shklovsky alikwisha kueleza mwaka 1917 kwamba sanaa hukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni, ili tukione upya. “Beki amelala” imezoeleka mno. Haimsimamishi mtu tena. Mizani nayo haitoshi peke yake: unaweza kupanga orodha ya bidhaa za duka kwa mizani 8 kila mshororo, kama utenzi, na isiwe shairi.

Basi wewe unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi ya KCSE, ukishaandika “tashihisi”, usiweke kalamu chini. Eleza inafanya kazi gani pale ilipo, na nini kingepotea kama mwandishi angesema vinginevyo. Nanyi walimu wenzangu, tuwadai wanafunzi maelezo hayo tangu mwanzo wa masomo yao ya sekondari.