Fahali Yupi Afaa Milimani?

Mtamba wako akitaka dume, una njia mbili. Unaweza kumpeleka kwa fahali wa jirani, au kumwita mpandishaji aje na mtungi wake wa mbegu. Hapa Wundanyi wafugaji hubishana sana juu ya njia hizi, lakini mara nyingi ubishi wao ni wa bei tu. Fahali mwenyewe ni nani, hilo haliulizwi.

Fahali wa jirani ana sifa zake: yu karibu, tena hujua saa ya ng'ombe kuliko sisi. Lakini dume apandaye kijiji kizima aweza kueneza magonjwa ya uzazi, ng'ombe wakatupa mimba au wasishike kabisa. Na akikaa mahali pamoja miaka mitatu au minne, atawapanda binti zake mwenyewe. Ndama wa uzazi huo huwa dhaifu na hukua polepole.

Mbegu ya kupandishia ilianza kutayarishwa katika kituo cha serikali cha Kabete mwaka 1946. Siku hizi huhifadhiwa ndani ya naitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Tangu miaka ya 1990 kazi ya kupandisha imeachiwa zaidi wapandishaji binafsi, kwa hiyo uchaguzi ni wako. Ng'ombe akionekana asubuhi apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi ifuatayo. Ukichelewa, ngoja siku 21.

Basi uchague namna gani? Fahali hakamuliwi. Sifa yake hujulikana kwa binti zake, nao ni lazima wazaliwe, wakue, wazae na kukamuliwa kwanza, kazi ya miaka mitano au zaidi. Ndiyo maana fahali aliyepimwa kwa binti wengi ni wa kuaminika kuliko yule asifiwaye kwa umbo na pembe. Lakini jihadhari: mara nyingi hesabu zilizoandikwa kwa fahali wa Ulaya au Marekani zimetoka kwa binti walioshiba nafaka. Hapa kwetu binti huyo atakula nini?

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa maziwa hula kila siku karibu kilo 3 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake. Friesian wa kilo 550 ataka kilo 16 hivi. Jersey wa kilo 380 ataka 11. Majani mabichi ya nepia ni maji sehemu nne katika tano, kwa hiyo Friesian akila nepia peke yake ahitaji kilo 80, na Jersey 55. Tofauti ni kilo 25 kila siku, za kukatwa na kupandishwa mlimani kwa mgongo, na mgongo wenyewe kwa kawaida ni wa mama wa nyumba! Wengi husema Friesian hujaza ndoo, na maziwa huuzwa kwa lita. Ni kweli, akishiba. Asiposhiba hukonda, hukawia kutaka dume, na mwaka hupita bila ndama. Mwenye vipande vichache vya nepia juu ya matuta, mimi ningemshauri Jersey, au Ayrshire kama majani yanatosha. Pia mtamba mdogo wa mara ya kwanza asipewe mbegu ya fahali azaaye ndama wakubwa, maana aweza kufa akizaa.

Huko chini Voi na Mwatate kwenye joto, kupe na ukame, mambo ni mengine. Hapo Sahiwal, ambao asili yao ni Punjab na waliletwa Kenya tangu 1939, huvumilia na bado hutoa maziwa. Anayefuga kwa nyama atafute Boran. Kumpandisha ng'ombe wa huko kwa Friesian kizazi baada ya kizazi ni kuondoa uvumilivu wote aliourithi.

Mpandishaji akija, mwombe akusomee jina na namba ya fahali iliyoandikwa kwenye mrija kabla hajautumia. Iandike katika daftari pamoja na tarehe. Binti atakapofikia kupandishwa, daftari hilo litakuonyesha fahali wa kuepukwa.