Kuomba na Kulinda

Leo twataka kufikiri pamoja juu ya neno tunalolitamka mara nyingi kanisani, yaani kumtegemea Mungu wakati wa shida. Je, mtu amtegemeaye Mungu hufanya nini hasa? Hukaa akingoja, au huinuka akatenda?

Swali hili si la watu wa chuo peke yao. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa ushirika wetu alikuja mbele baada ya ibada, akataka tumwombee, maana alikuwa na ugonjwa wa sukari. Tukamwekea mikono, tukaomba kwa bidii, naye akaenda zake akifurahi. Hatukumwuliza neno lo lote. Kumbe alikuwa ameacha dawa zake miezi mingi, kwa sababu mhubiri mmoja mpita njia alimwambia ya kwamba mwenye imani hahitaji vidonge. Kidonda kidogo cha mguuni kikaharibika, na alipofikishwa hospitali madaktari hawakuwa na njia nyingine ila kuukata mguu. Tulipokwenda kumtazama alituuliza, "Mchungaji, imani yangu ilipungua wapi?"

Ndugu, imani yake haikupungua. Sisi wachungaji wake ndio tuliopungukiwa, kwa kuwa tuliomba naye bila kumfundisha. Ndiyo maana tumelileta jambo hili kwenu leo.

Fungueni Biblia zenu katika kitabu cha Nehemia. Mtu huyu alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, katika nchi ya Uajemi, yapata miaka 445 kabla ya Kristo. Alipata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, na malango yake yameteketezwa kwa moto. Tazameni alilofanya kwanza. Aliketi akalia, akafunga, akaomba. Alianza katika mwezi wa Kisleu, wala hakupata nafasi ya kusema na mfalme mpaka mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi minne ya kumlilia Mungu kabla ya kugusa jiwe hata moja.

Lakini alipofika Yerusalemu na kazi ikaanza, adui waliinuka, akina Sanbalati na Tobia. Kwanza walidhihaki, kisha wakapanga kuja kuwapiga. Wachukuzi wa mizigo nao wakachoka, maana kifusi kilikuwa kingi. Katika sura ya 4 tunasoma ya kwamba watu walifanya mambo mawili kwa pamoja: walimwomba Mungu wao, na waliweka walinzi usiku na mchana. Tena Nehemia aliwapanga watu kwa jamaa zao, ili mtu asisimame peke yake. Akaweka mpiga tarumbeta karibu naye, ili po pote sauti itakaposikiwa, wote wakimbilie huko.

Angalieni vema, ndugu. Yule aliyeweka walinzi hakuwa na shaka juu ya Mungu. Aliwaambia watu wazi ya kwamba Mungu ndiye atakayewapigania, na huku mikono yao imeshika panga na mikuki. Kwake yeye mlinzi aliyesimama ukutani alikuwa sehemu ya jibu la maombi. Basi dawa iliyo mkononi mwa mgonjwa nayo ni mlinzi, na daktari ni mlinzi, na jirani akupelekaye hospitali usiku ni mlinzi. Aliyekupa hao ni Mungu. Kuwafukuza halafu kumwomba msaada ni kuikataa zawadi na kuidai tena.

Hilo ni kosa la kwanza, kuomba bila kulinda. Liko na la pili, nalo ni kulinda bila kuomba. Mara nyingi sisi tuliosoma kidogo na wenye mishahara huanguka hapa. Tuseme mtu ana kesi ya shamba la marehemu baba yake. Siku ya kwanza atamtafuta wakili, siku ya pili atamtafuta mtu anayejuana na mkubwa wa ofisi, siku ya tatu atatafuta bahasha ya kumpelekea mkubwa huyo. Yote yakishindikana, ndipo atakapokuja kwa mchungaji. Wakili si dhambi. Naye ni mlinzi. Lakini moyo ambao haukupiga magoti kwanza hukosa nguvu mlangoni pa rushwa, kwa maana umekwisha kuamua kwamba lazima ushinde kwa njia yo yote. Aliyeomba kwanza aweza kusema, "Nitatumia njia zote za haki, na zikiisha, mimi ni wa Bwana bado."

Wako watu wapendao kusema, "Jisaidie, na Mungu atakusaidia," wakidhani ni maneno ya Biblia. Siyo. Tena yamemweka Mungu nyuma, kama mtu aitwaye kusukuma gari lililokwama. Nehemia alimweka mbele, naye akafuata na mwiko wake mkononi.

Labda mwauliza, je, tukiomba na kulinda, shida itaondoka? Hatuwezi kuwadanganya. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, na hata adui walitambua kwamba kazi ile ilitoka kwa Mungu. Lakini Sanbalati hakuondoka. Alituma ujumbe mara tano akitaka kumnasa Nehemia, na Tobia aliendelea kuandika barua za kumtia hofu. Msaada wa Mungu ulikuwa nguvu ya kumaliza kazi wakati adui bado wapo.

Hata sisi wa Kenya tunao ushuhuda wa namna hiyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwaka ule ule alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wa kike, na yeye mwenyewe alikuwa taabani kwa homa. Kaburi la Rosine liko upande wa Nyali hata leo. Mungu hakuwarudisha wafu wake. Lakini mwaka huo huo Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mwaka wa 1846 Mungu akamletea mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanza kazi pamoja huko Rabai. Mwenzi, na nguvu ya kushika kalamu tena asubuhi: huo nao ulikuwa msaada.

Basi, wapendwa, juma hili tufanye mambo matatu. Kwanza, shida yako iseme mbele za Mungu kwa jina lake, kabla hujaipeleka kwa mtu mwingine. Pili, jiulize ni mlinzi gani aliyekwisha kupewa, kama ni dawa, au shauri la mzee, au sheria ya nchi, nawe umemdharau. Tatu, piga tarumbeta. Mwambie mwenzako mmoja wa ushirika, usisimame ukutani peke yako. Nanyi mnaowaombea wagonjwa, waulizeni kwanza, "Je, dawa unakunywa?"

Yule mama yu hai. Hutembea kwa mguu wa bandia, na wagonjwa wa sukari katika ushirika wetu hukutana nyumbani kwake, huomba, kisha hukumbushana siku za kwenda kliniki.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, wewe ndiwe msaada wetu. Utusamehe tulipokuita na kuwakataa uliowatuma, na tulipowakimbilia watu tukakusahau wewe. Wape nguvu leo waliochoka katikati ya kifusi, na uwape mwenzi wa kusimama nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.