Ritifaa Isipotee Safarini

Chukulia kituo cha afya kilichoko Nansio, Ukerewe, ambacho kumbukumbu za wagonjwa wake zimekaa miaka minane kwenye kompyuta moja ya Windows. Kompyuta hiyo imechoka. Mashine mpya ya Linux imeshapakiwa melini katika bandari ya Mwanza Kaskazini, na fundi anayesafiri nayo ana mafaili yote kwenye diski. Atayanakili, atawasha, na programu itafunguka. Hapo ndipo mimi huingiwa na hofu. Programu iliyogoma kuwaka hutafutiwa dawa siku hiyohiyo, lakini iliyowaka huku inakosea kimyakimya huharibu kumbukumbu kwa miezi kabla mtu hajashtuka.

Mashine inayobeba programu huipa mambo mengi ambayo mwandishi wake hakuyaandika popote, kwa kuwa aliyakuta tayari: saa, namna ya kusoma herufi, njia za kufikia mafaili, toleo la Java. Ukihama, hayo nayo hubadilika.

Tuutazame OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Umejengwa kwa moduli, na usanidi wake umetawanyika sehemu tatu. Faili liitwalo openmrs-runtime.properties lina anwani ya hifadhidata, nenosiri na mahali pa folda ya data. Hifadhidata yenyewe inatunza mipangilio mingine, ikiwemo kama moduli fulani ilikuwa imewashwa. Kisha kila moduli ina config.xml yake inayotaja matoleo na moduli nyingine inazozitegemea. Fundi akinakili hifadhidata na kuisahau folda ya moduli, hifadhidata itasema moduli imewashwa ilhali haipo. Kama moduli hiyo ilitiwa alama ya lazima, mfumo utakataa kuwaka, na heri ukatae.

Hata jina lina madhara. Ukiusimika mfumo huo kwenye Tomcat, seva inayoendesha programu za Java, kwa jina la “kituo” badala ya “openmrs”, utatafuta faili la kituo-runtime.properties. Usipolipata, utajiona mgeni na kumwongoza fundi kusimika upya kuanzia mwanzo. Fundi aliyechoshwa na safari akibonyeza “endelea” hadi mwisho, atajikuta mbele ya hifadhidata mpya isiyo na mgonjwa hata mmoja. Ya zamani ipo salama, ila hakuna anayeiona.

Sasa nije kwenye ritifaa, jambo linaloniuma zaidi kwa kuwa ni la kwetu hasa. Usukumani majina yanayoanza na Ng'w ni mengi. Kila mtu amesikia habari za Ng'wanamalundi, yule mganga mashuhuri wa huko. Ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, haina shida popote. Lakini orodha ikiandikwa kwanza kwenye Word, ritifaa hupindishwa, na hiyo iliyopinda ni herufi nyingine kabisa. Katika usimbaji wa kawaida wa Windows huchukua baiti moja; katika UTF-8 huchukua tatu. Java iliyotangulia toleo la 18, la Machi 2022, ilifuata usimbaji wa mfumo endeshi ilioukuta. Kuanzia toleo hilo, UTF-8 ndiyo chaguo la msingi kila mahali. Kwa hiyo hata asiyebadili mashine, akipandisha toleo la Java tu, anaweza kuona orodha zake za zamani zimejaa alama za ajabu katikati ya majina. Mhudumu akitafuta jina asilipate, atamfungulia mgonjwa faili la pili, na historia ya dawa itagawanyika. Dawa yake ni kutaja usimbaji waziwazi katika usanidi, na kuyageuza mafaili ya zamani kabla ya kuhama.

Saa nayo. Seva zilizofungwa ndani ya kontena za programu kwa kawaida hufuata saa ya kimataifa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku wa kuamkia 1 Julai anaweza kuandikwa 30 Juni. Amehamishwa mwezi, na amehamishwa pia mwaka wa fedha wa serikali. Yeyote anayehudumiwa kati ya saa sita na saa tisa usiku yumo hatarini. Andika Africa/Dar_es_Salaam katika usanidi. Usiandike tofauti ya saa kwa namba, maana Etc/GMT+3 humaanisha saa tatu nyuma ya UTC, kinyume na inavyosomeka.

Kuna mahali usanidi hauwezi kukuokoa. Oracle ilipoikabidhi Java ya seva kwa Eclipse Foundation kuanzia 2017, jina la javax la vifurushi vyake halikuruhusiwa kuendelezwa, hivyo mwishoni mwa 2020 vifurushi vikaitwa jakarta. Tomcat 9 inatumia jina la zamani, Tomcat 10 jipya. Moduli ya zamani ikiwekwa kwenye Tomcat 10 itaita vifurushi visivyokuwepo. Ama ibadilishwe, na Tomcat wana chombo cha kusaidia kazi hiyo, ama ubaki na toleo la 9. Kwa kituo cha kisiwani ningechagua kubaki kwanza: hamisha mashine leo, toleo siku nyingine, ili hitilafu ikitokea ujue imetoka wapi.

Na kabla kompyuta ya zamani haijazimwa, fundi asajili mgonjwa wa majaribio kwenye mashine mpya kwa kuingiza orodha iliyotoka Word: jina Ng'wanamalundi, amezaliwa 1 Julai saa nane usiku. Kisha atoe ripoti ya Julai, aichapishe, na ampe karani wa masijala aisome kwa sauti.