Je, Wajua? Mtandao na Vituko Vyake

Sogea karibu, nikupe vituko. Hiyo simu inayokula bando lako kila siku ina mambo hujawahi kusimuliwa. Nikimaliza, chagua kimoja ukawatambie nacho wenzako kijiweni.

Je, wajua kwamba ujumbe wa kwanza kwenye mtandao uliokuja kuzaa intaneti ulikuwa na herufi mbili tu? Ilikuwa 29 Oktoba 1969, Marekani. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA alitaka kuandika LOGIN, akafikisha L na O, mtambo ukazimika! Na wewe unanuna ikikukwamia dakika mbili.

Je, wajua kamera ya kwanza ya mtandaoni ilitegwa kulinda kahawa? Mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kuifuata kahawa na kukuta imekwisha. Wakaielekezea kamera ili wachungulie wakiwa mezani kwao. Kimashine hicho cha kahawa kiliuzwa mwaka 2001 kwa pauni 3,350. Kimetumika, eti!

Matangazo yanayofurika kwenye barua pepe yako bila kuombwa nayo yana babu yao. Mei 1978, muuzaji wa kompyuta Gary Thuerk alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwa mpigo. Wakamjia juu. Ungekuwepo, nawe si ungemjia juu?

Sasa shika hili. Tarehe 1 Aprili 1990 ulichapishwa mwongozo wa kiufundi wa kusafirisha data kwa njiwa. Ulikuwa utani wa Siku ya Wajinga, lakini mwaka 2001 mjini Bergen, Norwei, watu waliujaribu kwelikweli. Vifurushi 9 vya data vilitumwa, majibu 4 yakarudi, na lililowahi kuliko yote lilichukua zaidi ya dakika 50.

Unamcheka njiwa? Ngoja kwanza. Septemba 2009 nchini Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alifungwa memori kadi ya gigabaiti 4 mguuni, akaruka kuelekea Durban. Alitua baada ya saa 1 na dakika 8. Kadi ikapakuliwa yote, na mtandao ulioshindana naye ulikuwa umefikisha asilimia 4 tu!

Je, wajua kuna mji wenye kengele ya samaki? Ni Utrecht, Uholanzi, na kengele hiyo ilianza mwaka 2021. Kamera iko chini ya maji penye lango la mfereji. Ukimwona samaki amekwama anasubiri kupita, unabonyeza kitufe ukiwa popote duniani, na mlinzi wa lango anajua kuna mgeni wa kufunguliwa. Yaani wewe, ukiwa zako Tandale, unaweza kumbishia hodi samaki wa Ulaya.

Na miti je? Mwaka 2013, mji wa Melbourne, Australia, uliipa miti yake ipatayo 70,000 anwani za barua pepe, kila mti na yake, ili wakazi watoe taarifa tawi likivunjika. Wakazi wakaanza kuiandikia barua za mapenzi! Kuna miti iliyojibu pia. Usiniulize nani alikuwa anaichapia.

Ukitaka mzaha, waachie watu wa mtandaoni wachague jina. Mwaka 2016, Uingereza iliomba wananchi wapendekeze jina la meli ya utafiti wa ncha za dunia, na jina la Boaty McBoatface likaongoza kwa kura zaidi ya 124,000. Wakubwa wakaguna, meli ikaitwa Sir David Attenborough. Lakini hawakuwanyima watu kila kitu: jina la Boaty lilipewa nyambizi ndogo ya manjano isiyo na rubani.

Wajua picha gani ilivunja rekodi ya laiki Instagram Januari 2019? Yai. Yai moja la kuku, halikukaangwa wala kuchemshwa. Lilimpiku Kylie Jenner mwenye laiki milioni 18, kisha likaendelea hadi kupita milioni 50. Wewe na picha yako ya harusi ulipata ngapi?

Januari 2016 mjini Newcastle, Uingereza, zaidi ya watu 20,000 kwa wakati mmoja walikodolea macho dimbwi la maji, mubashara. Walikuwa wanatazama wapita njia wakihangaika mahali pa kukanyaga. Kuna hata waliotangaza kuuza maji yake kwa chupa! Masika yakifika kwetu, nadhani sote tutakuwa matajiri.

Je, wajua mbuzi amewahi kukodishwa kuhudhuria kikao? Wakati wa corona, shamba moja la Lancashire, Uingereza, liliwaingiza mbuzi wake kwenye mikutano ya video ya watu kwa pauni 5. Hadi mwanzoni mwa 2021 mbuzi hao walikuwa wameingiza kama pauni 50,000. Hesabu mwenyewe ni mikutano mingapi, na hakuna mbuzi aliyeandika muhtasari.

Mwezi Februari mwaka huohuo, wakili wa Texas alitokea mbele ya jaji kwa video akiwa na sura ya kipaka, kwa sababu programu ilikataa kumrudishia uso wake. Ikabidi amhakikishie jaji kwamba yeye si paka. Jaji alivumilia, uso ukarudi, kesi ikaendelea!

Una njaa? Tarehe 22 Mei 2010, Laszlo Hanyecz wa Florida alinunua piza mbili kwa bitcoin 10,000. Siku hiyo zilikuwa na thamani ya dola kama 41. Mwanzoni mwa Novemba 2021 zingekuwa zaidi ya dola milioni 600. Piza mbili, ndugu yangu!

Mwenzake wa Kanada, Kyle MacDonald, yeye alikwenda kinyume. Mwaka 2005 alitangaza mtandaoni kubadilishana klipu moja nyekundu ya karatasi. Akaanza kwa kupata kalamu yenye umbo la samaki, akazidi kubadilisha, na katika badilisho la 14, mwaka 2006, akakabidhiwa nyumba. Fungua droo yako uone kama klipu bado ipo.

Je, wajua kisiwa kinaweza kutajirishwa na herufi mbili? Anguilla, huko Karibi, ina watu wasiofika 20,000, na anwani zake za tovuti huishia na .ai, herufi ambazo kampuni za akili unde zinazigombania. Mwaka 2023 ziliiletea serikali yake dola kama milioni 32, zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yake. Jirani yetu Djibouti naye ana .dj, na unaweza kukisia ni watu gani wa muziki wanaoipenda.

Twende nyumbani sasa. Februari 2022, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwasifu redioni Watanzania wawili: Kili Paul na dada yake Neema. Kijana wa Kimasai, shuka mabegani, anafuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo hadi India nzima inamjua!

Na la mwisho, uende nalo. Tangu Agosti 2022 kuna intaneti ya kasi hadi Horombo, kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo ukipanda mlima, usije ukamdanganya mama kwamba hukupata mtandao.