Betri mpya si kufunga tu, gari lenyewe lazima liambiwe

Kama unaendesha BMW, Audi au Volkswagen ya miaka ya karibuni, kuna swali moja la kumuuliza fundi kabla hujamtumia chapaa kwa M-Pesa: betri hii utaisajili kwa mashine gani? Akicheka na kukwambia betri ni betri, chukua funguo zako uende kwa mwingine.

Najua unafikiria ni njama nyingine ya kukutoa pesa. Mtaani njama hizo ni nyingi. Lakini hii ni kazi ya kweli, na ukiiruka unaweza kurudi dukani kununua betri nyingine mapema kuliko ulivyopanga.

Gari lina daftari

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Kwenye Probox au Vitz ya kitambo, altaneta huchaji kwa kiwango kisichobadilika sana, volti 14 hivi. Betri ikifa, unanunua ya saizi ileile, fundi anafungua nati mbili kwa spana namba 10, anafunga mpya, unaenda zako. Gari halijui betri ina umri gani, wala halijali.

Mkoko wa kisasa haufanyi hivyo. Kwenye BMW, kwa mfano, kuna sensa ndogo iliyokaa pale kwenye terminali hasi. Inaitwa IBS. Kazi yake ni kupima mkondo wa umeme unaoingia na kutoka, volti na joto la betri, kisha kuripoti kwa kompyuta. Kompyuta nayo inaweka hesabu kama mwenye duka na daftari la madeni: betri imechajiwa kiasi gani, imechoka kiasi gani, imebaki na nguvu ngapi.

Kwa hesabu hiyo ndipo inaamua altaneta ichaji vipi. Ukikanyaga mafuta, inaweza kuipumzisha altaneta ili injini isibebe mzigo. Ukikanyaga breki, inachaji kwa nguvu. Hivyo ndivyo gari linavyookoa petroli.

Sasa umefunga betri mpya na hukusema chochote. Daftari halijafutwa. Kompyuta bado inadhani ile kongwe iko palepale, na inaendelea kuchaji kwa hesabu za kongwe. Ni kama mpangaji mpya anayedaiwa bili ya stima ya yule aliyehama.

Na hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu gari litawaka vizuri kabisa. Utapiga selfi na kusema mambo fiti. Shida huja polepole: ule mfumo wa kuzima injini kwenye foleni ya Thika Road unagoma, onyo la betri linajitokeza kwenye dashibodi, vitu kama joto la viti vinazimwa ili kubana umeme, na betri yenyewe inazeeka kabla ya siku zake.

Kusajili ni tofauti na kodingi

Watu huchanganya haya mawili, kwa hivyo yashike vizuri.

Kusajili, au kurejista kama mafundi wanavyosema, ni kuiambia kompyuta: betri ni mpya, anza hesabu upya. Hiyo inatosha kama betri mpya ni ya aina na ukubwa uleule wa ile ya zamani.

Kodingi ni kubadilisha maelezo yenyewe ya betri. Inahitajika kama umetoka, tuseme, 80Ah ukaenda 90Ah, au umetoka betri ya kawaida ya maji ukaweka AGM. AGM ni ile ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo badala ya kuchezacheza ndani. Hizi mbili hazichajiwi sawa, na ndiyo sababu kompyuta lazima ijue ni ipi imekaa humo. Kodingi hutangulia, kisha unasajili.

Kwenye Audi na Volkswagen nyingi, mashine itataka ukubwa wa betri, kodi ya mtengenezaji na nambari yake ya mfululizo. Kwa hivyo usitupe kibandiko.

Na kitu kimoja usikubali: kutoa AGM na kuwekewa betri ya kawaida kwa sababu ni ya bei nafuu. Kama gari lilitoka kiwandani na AGM, rudisha AGM. Ile ya kawaida haijaundwa kustahimili injini kuzimwa na kuwashwa mara ishirini kabla hujafika kazini.

Ya Japani pia yamebadilika

Usidhani haya ni mambo ya Wajerumani pekee. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane, kwa hivyo Mazda na Honda zinazotua Mombasa leo si zile za enzi za mzee wako. Mazda yenye i-stop hutumia betri maalum. Ukiona kibandiko kimeandikwa Q-85, hiyo Q ni saizi na 85 ni kiwango cha nguvu. Nyingi hazina usajili kama wa BMW, ila huenda sensa ikahitaji kuanzishwa upya ndipo i-stop irudi. Kila modeli ina utaratibu wake, basi soma kitabu cha gari.

Upande wa pili, akitokea mjanja anataka pesa za kodingi kwa Probox ya 2008, huyo mwambie asante na uondoke.

Kabla hujalipa

Kwanza, hakikisha betri ndiyo mbovu. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri yenye chaji kamili husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma chini ya 12, imeisha chaji, lakini huenda kosa ni la altaneta au kuna kitu kinanyonya umeme ukiwa umelala. Betri mpya haitatibu hayo.

Pili, piga picha kibandiko cha ile ya zamani: aina, Ah, na nguvu ya kuwasha. Nenda nayo Kirinyaga Road kwenye simu.

Tatu, kama betri iko kwenye buti, angalia kama ina kile kipira chembamba cha kutolea gesi. Lazima kirudishwe. Betri ikichajiwa inaweza kutoa haidrojeni, na hiyo ni gesi inayolipuka.

Nne, fundi asigongegonge terminali hasi kwa nyundo. Sensa iko pale, nayo ni ghali. Na ukipigwa jampa siku nyingine, waya mweusi ufungwe kwenye chuma cha bodi kilichotengwa kwa kazi hiyo, si kwenye terminali hasi yenyewe.

Tano, shuhudia usajili ukifanywa. Skana huchomekwa kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, kazi ya dakika chache tu. Kwa BMW unaweza hata kujifanyia kwa kifaa cha Bluetooth na programu ya simu kama BimmerLink.

Hii ya BMW ina faida nyingine. Kompyuta yake huhifadhi kilomita ambazo betri zilisajiliwa. Ukienda kununua ya mtu, omba skana isome hapo. Akikuapia betri ni ya mwezi jana na rekodi inaonyesha ya mwisho ilisajiliwa kilomita 60,000 zilizopita, basi ama anakudanganya kuhusu betri, ama iliwekwa bila kusajiliwa. Kwa vyovyote, bei ishuke.

Na wewe kijana uliye gerejini unajifunza spana, hii ni riziki iko wazi. Magari haya yanazidi kujaa mjini, na wenye skana wanaojua kuitumia bado ni wachache. Hakuna atakayekuuliza digrii. Atauliza kama i-stop itarudi.